Kura 72 Zilizomuua Robin



Wanaonifahamu wanajua kwamba nina mapenzi yangu ya siku nyingi: vitabu vya katuni vya mashujaa. Batman, Superman, Spider-Man, wote nimewasoma, na nikikutana na shabiki mwenzangu baada ya Misa ya kwanza tunaweza kusimama pale chini ya mwembe tukibishana mpaka kengele ya Misa ya pili inagongwa. Leo nataka mmoja wa mashujaa hao atusaidie kuisoma Injili. Katuni si Maandiko Matakatifu, hilo liko wazi. Ila habari ya huyu mmoja inatugusa mno sisi tunaoishi na simu mkononi.

Anaitwa Jason Todd. Kama hujawahi kumsikia, usijali. Twende pamoja.

Mtoto aliyeiba tairi

Wengi mnamjua Robin, yule kijana anayepigana pembeni ya Batman. Wasichojua baadhi yenu ni kwamba Robin si mtu mmoja. Ni jina la kazi, na limebebwa na vijana kadhaa. Wa kwanza alikuwa Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi, aliyeingia kwenye hadithi mwaka 1940. Wasomaji walimpenda sana. Alipokua akaenda kujitegemea, baadaye akachukua jina la Nightwing, na waandishi wakahitaji Robin mwingine. Wakamleta Jason, mwaka 1983.

Mwanzoni Jason alikuwa kama fotokopi ya Dick, naye mtoto wa sarakasi. Mwaka 1987 waandishi wakaibadilisha historia yake yote. Sasa Jason ni mtoto wa mitaani katika jiji la Gotham. Baba yake alikuwa mhalifu, akauawa na wahalifu wenzake. Mama aliyemlea alimalizwa na madawa ya kulevya. Jason anaishi peke yake kwenye jengo bovu na anakula anachoiba. Usiku mmoja Batman anarudi kwenye gari lake, alilokuwa ameliacha kwenye uchochoro uleule ambako wazazi wake mwenyewe waliuawa alipokuwa mdogo, anakuta matairi yamefunguliwa. Mwizi ni Jason.

Nikifika hapo huwa nacheka, halafu nanyamaza. Nacheka kwa sababu, jamani, kuiba tairi za gari la Batman! Huo ni ujasiri wa kupewa nishani. Nanyamaza kwa sababu najua kinachompata mtoto wa namna hiyo huku kwetu akikutwa usiku anafungua vifaa vya gari la mtu. Zinapigwa kelele za mwizi. Watu wanatoka na chochote walichoshika. Tairi nayo inatafutwa, lakini si ya kurudisha kwenye gari. Kesho yake gazetini unasoma mistari miwili: kijana ambaye jina lake halikufahamika mara moja ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Batman alimwona mwizi yuleyule wa tairi, akaona na mtoto asiye na mtu. Baadaye akamchukua nyumbani kwake. Akampa chakula, kitanda, elimu na jina la Robin. Mtoto ambaye sehemu nyingine angeishia kwenye mistari miwili ya gazeti, pale alipata baba.

Senti 50 kwa kila kura

Shida ni kwamba wasomaji wengi hawakumpenda. Jason alikuwa na hasira, mjeuri, anajibu wakubwa, anapiga wahalifu kupita kiasi. Katika toleo moja la mwaka 1988 kuna kijana wa kibalozi, mbakaji aliyelindwa na kinga ya kidiplomasia, anaanguka kutoka ghorofani na kufa. Jason alikuwa pale. Alimsukuma au aliteleza mwenyewe? Mwandishi, Jim Starlin, hakusema. Basi mashabiki wakaanza kuandika barua: huyu si Robin wetu.

Kampuni ya DC ikafanya jambo ambalo lilikuwa geni kabisa. Katika kitabu cha Batman namba 427, Joker anamkamata Jason, anampiga kwa mtaimbo, anamfungia ghalani pamoja na bomu. Bomu linalipuka. Mwisho wa kitabu. Kisha tangazo likawaambia wasomaji kwamba wao ndio wataamua. Zilitolewa namba mbili za simu za kulipia, kila simu senti 50 za Marekani. Ukipiga namba moja, Robin anapona. Ukipiga nyingine, Robin anakufa. Laini zikafunguliwa Septemba 1988 kwa muda usiozidi siku mbili.

Zilipigwa simu 10,614. Waliotaka apone walikuwa 5,271. Waliotaka afe, 5,343. Tofauti ni kura 72.

Wachoraji walikuwa wameandaa miisho yote miwili. Ule wa Jason kupona ukawekwa kabatini, ukakaa huko miaka mingi sana mpaka DC walipouchapisha kama toleo la pekee mwaka 2023. Toleo namba 428 lililotoka wakati ule lilimwonyesha Batman akitembea kwenye kifusi na mwili wa kijana wake mikononi.

Kuna kitu kingine. Mhariri wa Batman wa wakati huo, Dennis O'Neil, aliwahi kusimulia kwamba baadaye alisikia kuna mtu mmoja aliyepanga kompyuta yake ipige namba ya kifo tena na tena kwa saa nyingi. Yeye mwenyewe aliisimulia kama habari ya kusikia, kwa hiyo nami naiacha hivyohivyo. Lakini kwa tofauti ya kura 72, unaelewa kwa nini mashabiki bado wanaizungumzia. Huenda umati ule haukuwa mkubwa kama ulivyoonekana.

Wengi wape?

Sisi tunao msemo: wengi wape. Ni msemo mzuri kwenye kikao cha harusi, mnapochagua rangi ya sare. Pilato naye aliutumia. Mathayo anatusimulia kwamba kulikuwa na watu wawili, Yesu na Baraba, na umati ukaulizwa nani afunguliwe (Mt 27:15-26). Ukisoma vizuri aya ya 20 utaona kwamba umati haukuanza wenyewe. Makuhani wakuu na wazee waliushawishi. Sauti chache zikawa sauti nyingi, sauti nyingi zikawa hukumu, na hakimu aliyejua kabisa kwamba mshtakiwa hana kosa akanawa mikono, akawapa wengi walichotaka.

Mnakumbuka Dominika ya Matawi na Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa kwa kugawana sehemu? Kuna msimulizi, padre anasoma maneno ya Yesu, halafu sisi kwenye mabenchi tunapewa sehemu ya umati. Mimi kila mwaka napata taabu na ile sehemu. Umevaa vizuri, una tawi lako mkononi, umetoka kuimba Hosana, na dakika chache baadaye unapaza sauti pamoja na kanisa zima kutaka asulubiwe. Mama Kanisa hakutupa sehemu hiyo kwa bahati mbaya. Anataka tusikie sauti zetu wenyewe zikilisema neno hilo, ili tukilisema sehemu nyingine tulitambue.

Na sehemu nyingine zipo. Wale mashabiki wa 1988 ilibidi wanyanyuke, watafute simu, walipe senti 50. Kumhukumu mtu kulikuwa na gharama kidogo. Sisi hatulipi chochote zaidi ya bando. Video ya binti amelewa inasambaa, tunaandika komenti. Picha ya kijana wa kwaya akitoka sehemu fulani inatumwa kwenye grupu, tunaweka vikaragosi vya kucheka. Kila mmoja anaona ametia tone moja tu. Aliye chini anaona mafuriko.

Majina yanaonekana

Nitawasimulia jambo moja, kwa ruhusa ya mhusika, bila jina wala parokia.

Katika kundi moja la vijana ninalolifahamu, palikuwa na kijana aliyekuwa akitunza michango ya hija. Mama yake akaugua ghafla. Kijana akachukua shilingi 180,000 kwenye ile michango, akijiambia atazirudisha kabla ya siku ya safari. Hakuweza. Ikagundulika. Kosa lilikuwa kosa, na yeye hakulikana. Alikiri mbele ya viongozi na akaanza kurejesha kidogokidogo.

Siku iliyofuata kuna mtu akaanzisha kura kwenye grupu la WhatsApp. Swali lilikuwa fupi: abaki au aondolewe? Nilikuwa memba wa grupu hilo. Nilipiga kura abaki, nikaandika ujumbe kuomba jambo lirudi kwa viongozi na kwa padre mlezi. Ujumbe wangu ulimezwa na meseji nyingine kama mia. Jioni yake akaondolewa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumtembelea. Nilitegemea atalalamika kuhusu kuondolewa. Aliniambia, "Kaka, kuondolewa nilistahili. Shida ni kwamba wakati mnapiga kura mimi nilikuwa bado ndani ya grupu. Nilikuwa naona majina."

Mnajua zile kura zinavyofanya kazi. Ukibonyeza unaona nani kachagua nini. Alikaa pale pembeni ya kitanda cha mama yake akiangalia namba zinapanda, na kila namba ina jina, na kila jina ni mtu waliyeimba naye, waliyekula naye kwenye jumuiya. Msimamizi wake wa Kipaimara alikuwa kwenye orodha. Na si upande wa kubaki.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikaa naye, tukasali fungu moja la rozari pamoja na mama yake, nikarudi nyumbani. Mpaka leo ninapoandika haya hajarudi kwenye kundi. Nasikia huwa anakuja Misa ya kwanza na kukaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya matangazo.

Naomba nieleweke. Sisemi wizi ufunikwe. Zakayo alipompokea Yesu alisema atarudisha mara nne (Lk 19:8), na Kanisa linatufundisha kwamba toba ya kweli ina majuto, maungamo na malipizi. Fedha ya hija ni jasho la watu, irudishwe yote. Kumwondoa mtu kwenye nafasi ya kutunza fedha ni busara, hata yeye asingebisha. Lakini kura ile haikuuliza nani atunze fedha. Iliuliza kama mtu huyu ni wa kwetu au si wa kwetu. Swali hilo lilikwisha jibiwa siku aliyomwagiwa maji kichwani na kubatizwa, na sisi hatukuwa na mamlaka ya kulipigia kura upya.

Ambacho wapiga kura hawakukiona

Turudi kwa Jason, maana bado sijawaambia alikufa vipi, na hapo ndipo huwa naweka kitabu chini kwanza.

Hadithi inamfikisha Ethiopia. Ni miaka ileile ya 1980 ambayo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia njaa ya nchi hiyo. Jason amegundua kwamba yule mama aliyemlea hakuwa mama yake wa kumzaa, na amesafiri nusu ya dunia kumtafuta mama halisi. Anampata, anaitwa Sheila Haywood, anafanya kazi katika shirika la misaada. Fikirini furaha ya mtoto huyo! Lakini Sheila ana siri. Amekuwa akila fedha za misaada, na Joker anajua madhambi yake ya zamani na anamtumia. Jason anamwamini, anamfunulia kwamba yeye ndiye Robin na kwamba anataka kumsaidia. Sheila anamkabidhi kwa Joker.

Mama anamsaliti mwanawe aliyemtafuta dunia nzima. Joker anampiga kijana yule kwa mtaimbo, kisha anamgeuka na Sheila mwenyewe, anawafungia wote wawili pamoja na bomu. Jason ameumia vibaya, lakini anajikokota, anajaribu kumtoa mama yake. Mlango umefungwa. Bomu linapokaribia kulipuka, anajitupa mbele yake ili mwili wake umkinge.

Tunalijua hilo kwa sababu Sheila mwenyewe anamweleza Batman kabla hajakata roho. Anashangaa. Haelewi ni kwa nini mtoto aliyemsaliti alimpenda kiasi hicho.

Sasa angalieni. Simu 5,343 zilipigwa kutaka kijana huyu afe, nyingi kwa sababu wapigaji waliona ni mbaya, mkorofi, hafai. Na dakika ya mwisho kabisa ya maisha yake aliitumia kumkinga aliyemuuza. Kura zilipigwa kabla ya ukurasa huo kutoka. Hawakukisubiri kitabu kiishe.

Hiyo ndiyo hatari ya kumhukumu mtu akiwa katikati ya hadithi yake. Mtakatifu Paulo anawaambia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi (Rum 5:8). Hakusubiri tuwe wazuri kwanza. Jason si Kristo, na waandishi wake hawakudai hivyo. Lakini kivuli kidogo cha msalaba kimeangukia ghala lile, na mimi kama shabiki Mkatoliki siwezi kukipita bila kupiga ishara ya msalaba.

Aliyefufuka na hasira

Kwenye sinema tulizokulia nazo kulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Kwenye katuni sheria hiyo imeboreshwa kidogo. Steringi anaweza kufa, lakini atarudi. Superman aliuawa mwaka 1992, na mwaka uliofuata akawa amerudi. Jason alikaa kaburini muda mrefu zaidi. Mwaka 2005 akarudi.

Jinsi alivyorudi imeelezwa kwa namna zaidi ya moja, na moja yake ni ya kuchekesha kiasi kwamba sitawachosha nayo. Ila ndani yake kuna dimbwi la ajabu lenye uwezo wa kurudisha uhai na nguvu, na dimbwi hilo linaitwa kwa jina la Lazaro. Ndiyo, Lazaro wetu wa Injili, kaka yao Martha na Maria.

Jason anatoka kwenye dimbwi la Lazaro akiwa mzima wa mwili na amejaa kisasi. Anavaa kofia nyekundu, anajiita kwa jina ambalo Joker aliwahi kulitumia zamani, anaanza kuua wahalifu. Mwisho anamteka Joker na kumkabili Batman. Maneno yake, kwa ufupi, ni haya: sikulaumu kwamba ulichelewa kuniokoa. Nakuuliza, aliyeniua kwa nini bado yu hai?

Hili ndilo swali tunalobishania kila siku chini ya ule mwembe. Kwa nini Batman hamuui Joker? Mimi niko upande wa Batman, na si kwa ushabiki tu. Anajua kwamba akivuka mstari huo mara moja hatarudi tena. Kanisa nalo linatuambia kwamba hadhi ya mtu haipotei hata akitenda uovu mkubwa, na mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko alirekebisha Katekisimu, namba 2267, iseme wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Hata hivyo sitaki kulijibu swali la Jason haraka. Ni swali la mtu aliyeumizwa. Ukimjibu kwa kanuni tu bila kuyatazama makovu yake, umempiga mtaimbo wa pili.

Makovu yaleyale, salamu tofauti

Sasa fungueni Yohana sura ya 20, aya ya 19 mpaka 29. Ndiyo Injili tunayoisikia kila mwaka Dominika ya Huruma ya Mungu.

Ni jioni ya siku ya kwanza ya juma. Wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu. Na wana sababu nyingine ya kuogopa, ambayo mimi naifikiria sana: wanamwogopa na Yesu mwenyewe. Petro alimkana mara tatu. Wengine walikimbia. Wakati umati unapiga kura, wao hawakupiga ya kumtetea. Kama kweli amefufuka, atakuja kusema nini?

Jason alirudi na makovu na orodha ya majina. Yesu naye alirudi na makovu, na majina aliyajua yote. Anasimama katikati yao, milango ikiwa imefungwa, na jambo la kwanza anawatakia amani. Kisha anawaonyesha mikono na ubavu. Hafichi majeraha kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilitokea, alama zipo, Tomaso anaalikwa aziguse. Lakini majeraha yale hayadai kisasi. Na hapohapo, jioni ileile, anawapulizia Roho Mtakatifu na kuwapa uwezo wa kuondolea dhambi. Sakramenti ya Kitubio ilizaliwa katika chumba kilichojaa watu waliomwangusha.

Na Lazaro je? Kwenye katuni, dimbwi linamtoa mtu na kumwacha na wazimu wake. Katika Injili, Lazaro anapotoka kaburini bado amefungwa sanda, mikono na miguu. Yesu amemfufua, lakini hakuzifungua zile sanda yeye mwenyewe. Aliwaagiza watu waliokuwa pale wamfungue (Yn 11:44). Mungu anatoa uhai, halafu anatuachia sisi kazi ya kumfungua mwenzetu ili aweze kutembea.

Naona hapa ndipo habari ya Jason inapouma zaidi. Alirudi kutoka kaburini na hakupata jumuiya ya kumfungua. Kila mtu alimwona tatizo. Ni wangapi kwetu wametoka kwenye maungamo, Mungu amekwisha kuwasamehe kabisa, na bado wanatembea na sanda kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono kulegeza fundo moja?

Wiki hii tufanye nini

Nina mambo matatu, na naanza nayo mwenyewe.

La kwanza: kabla hujabonyeza, subiri ukurasa uishe. Ikija habari ya mtu mtandaoni, iwe ya msanii, kiongozi au jirani, kaa nayo usiku mmoja bila komenti. Ukiamka asubuhi na bado unaona kuna neno la kusema, basi kwanza litaje jina la mtu huyo katika sala yako ya asubuhi. Mara nyingi utakuta hamu ya kuandika imekwisha.

La pili: kama wewe ni kiongozi au admini wa grupu la vijana, usiruhusu mtu apigiwe kura. Pigieni kura tarehe ya hija, rangi ya fulana, wimbo wa maingilio. Mtu aliyekosa aitwe pembeni. Yesu alitupa utaratibu mzima katika Mathayo 18:15-17: wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha Kanisa.

La tatu: tafuta benchi la mwisho. Kila parokia ina watu wanaokuja kimya na kuondoka kabla ya matangazo. Dominika hii ukikaa pale mbele kama kawaida yako, geuka wakati wa kupeana amani. Nenda mpaka nyuma. Mpe mkono. Usimuulize alikuwa wapi.

Na wewe uliyepigiwa kura, unayesoma haya usiku ukiwa umefunika simu isionekane mwanga, nakwambia kama ndugu yako: kuna mmoja aliyesimama mbele ya umati mkubwa kuliko huo na akashindwa kwenye kura. Anajua. Anayo majina yote na amani bado iko midomoni mwake. Padre yupo kitubioni Jumamosi. Nenda. Sisi wengine tutajifunza kufungua sanda, hata kama tunachelewa.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulisimama kimya wakati umati unachagua. Utusamehe mara zote tulizoongeza sauti yetu kwenye kelele, na mara tulizonawa mikono. Utufundishe kumwona mtoto ndani ya mwizi, na ndugu ndani ya aliyekosa. Uwaguse kwa mikono yako yenye makovu wale tuliowaondoa kati yetu. Uwarudishe, na sisi utupe ujasiri wa kuwapokea. Uwakumbuke pia vijana waliouawa na umati kabla hadithi yao haijaisha, ambao hata majina yao hatuyajui. Wewe unayajua. Uwape pumziko la milele.

Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.